Gari la Kwanza Kurudi kwa Nyatichi

Rongo ina mafundi wengi wa redio za magari, na wengi wao kazi yao ni kuongeza kelele. Unawapelekea gari lenye sauti, wanakurudishia gari lenye fujo, kisha wanakupigapiga mgongoni kama kwamba umefanyiwa hisani. Nyatichi hakuwa wa kundi hilo, na wala hakusubiri umuulize ndipo akwambie. Juu ya mlango wa kibanda chake, upande wa barabara unaokwenda Migori, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu na kwa mkono wake mwenyewe: GARI HALIRUDI. Wageni walidhani ni tishio. Wenyeji walielewa kwamba gari likishatoka pale limetoka, hutamwona mwenyewe akirudi kulalamika. Kwa miaka kumi na mmoja ubao ule ulikuwa umesema kweli.

Kazi alifundishwa Migori mjini na fundi mmoja aitwaye Nashon, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miezi saba ya mwanzo hakumpa kazi nyingine ila kumenya nyaya. Wateja walipomkuta mwanamke amelala chini ya dashibodi, miguu iko nje ya mlango, walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi. Nashon akawajibu, "Huyo hapo. Angalia usimkanyage." Nyatichi husema jibu hilo ndilo cheti chake, na kwamba kingine hajawahi kukihitaji.

Lakini sikio lile hakulipata kwa Nashon. Alilipata kanisani. Ni Msabato tangu tumboni mwa mama yake, na kwaya yao haitumii ngoma wala gitaa, ni makoo matupu, kwa hiyo mtu akipotoka kidogo tu anajulikana kabla hajafunga mdomo. Mwaka mmoja, kwenye makambi, ile mikutano ya Wasabato ya kila mwaka, kule Homa Bay, aliweka vinasa sauti viwili mbele ya kwaya akarekodi wimbo mmoja, na wimbo huo ndio rula yake mpaka leo. Anajua kila mtu alisimama wapi. Liz, mwenye sauti ya juu kupita wote, alikuwa kushoto kabisa. Akimsikia Liz akitokea kulia, anajua nyaya zimebadilishana. Besi zilikuwa nyuma. Na katika ubeti wa pili, nyuma ya besi, upande wa kulia, Nyasuguta anakohoa.

Kikohozi hicho kimepata umaarufu. Redio mbovu hukimeza. Redio iliyopandishwa kupita kiasi hukileta mbele mpaka Nyasuguta anaonekana ndiye mwimbaji mkuu. Nyatichi huketi katika kila kiti cha gari, mbele na nyuma, amefumba macho, na mpaka asikie kikohozi mahali pake, mbali kidogo, kwa adabu, gari halitoki. Nyasuguta mwenyewe, ambaye huuza mboga soko la Rongo, mwanzoni alinuna. Siku hizi akipita kibandani humwita Nyatichi kwa jina la mtoto wake, huuliza, "Mama Valentine, leo nimekohoa mara ngapi?"

Jumatano moja akaja Orina na Probox yake.

Orina ni mfanyabiashara wa ndizi. Huzitoa Kisii, akazishusha Kosele anakoishi, na zikibaki huzipeleka Homa Bay mjini, hata Kisegi kule kwa wavuvi. Alishuka garini akiwa amebeba kifuani sanduku la wufa, ile spika kubwa ya besi, akalitua mezani taratibu.

"Fundi, nataka mziki," alisema. "Lakini si ya vijana. Ni ya mzee wangu."

Wote wawili ni Wagusii, na walizungumza kama Wagusii wa Rongo wanavyozungumza, Kigusii na Kiswahili katika sufuria moja. Orina akaeleza. Baba yake, Mzee Momanyi, alikuwa mpigaji wa obokano, ile ala kubwa ya nyuzi nane ambayo mpigaji huikalia kando kwa kigoda. Enzi zake hakuna harusi kubwa iliyofanyika bila yeye. Kisha akabatizwa, akaitundika obokano darini, na panya wakala ngozi yake. Hilo lilikuwa zamani. Sasa mzee ana miaka themanini na minne, vidole vimekauka, na sikio linazidi kufifia kila mwezi.

"Kuna mwalimu alimrekodi kwa kaseti, harusini, mwaka wa themanini na tatu," Orina alisema. "Mimi nilikuwa na miaka sita. Mwalimu alikufa, watoto wake wakapata hiyo kaseti kwa sanduku, wakanipea. Nimeiweka kwa flashi. Nilimwekea kwa simu, akasema anasikia mbu. Daktari ameniambia sikio lake halitafika mwaka ujao. Nataka ajisikie mara moja tu, vile alikuwa, kabla limalizike."

Nyatichi akamwangalia. Alikuwa ameshafungia redio watu wa kila namna: wachungaji, madereva, vijana wa Sheng waliotaka mlango utetemeke, na mbunge mmoja aliyetaka wengine wote wanyamaze. Mtu wa kumfungia baba yake muziki wake mwenyewe alikuwa hajamwona. Akasema, "Atajisikia," na alisema hivyo bila kutabasamu, maana kwake hiyo ilikuwa kazi, na kazi anaijua.

Alifanya siku mbili. Spika mbili milangoni mbele, mbili nyuma, twita ndogo mbili za sauti nyembamba juu ya dashibodi, amplifaya chini ya kiti cha abiria, na wufa nyuma, mahali ambapo kwa kawaida hukaa mikungu miwili ya ndizi. Orina aliiaga nafasi ile kwa uchungu kidogo. Siku ya pili Nyatichi alifunga vioo, akaweka wimbo wa kwaya. Akapandisha nguvu ya amplifaya mpaka sauti ikaanza kupasuka, akairudisha hatua mbili. Liz akasimama kushoto. Besi zikatulia nyuma. Nyasuguta akakohoa vizuri kabisa, katika viti vyote vinne.

Ndipo akachomeka flashi ya mzee, na gari likaanza kunguruma.

Chini ya kila uzi uliopigwa kulikuwa na kitu kinachotetemeka, vrrr, vrrr, kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawa. Nyatichi anazijua sauti hizo. Ameziwinda miaka kumi na mmoja. Akafungua skrubu za namba ya gari, akazikaza. Akatoa sarafu katika kisahani cha majivu. Akafunga jeki kwa kitambaa. Akabonyeza milango kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, wimbo ukiendelea, na kwenye mlango wa nyuma kushoto alihisi mngurumo umepungua kidogo, halafu hakuhisi tofauti tena. Mngurumo ulibaki palepale. Basi akaamua kwamba ubovu uko katika kaseti yenyewe, kaseti ya miaka arobaini, ungetarajia nini? Akafungua ikwalaiza ya redio, inayopandisha na kushusha kila ngazi ya sauti kwa vijiti kumi na vitatu, akatafuta vile vinavyobeba ule mngurumo, akavishusha vinne mpaka chini.

Sauti ikatakata. Nyuzi zikalia moja moja, safi, tamu, kila moja mahali pake. Nyatichi alijipongeza kimoyomoyo, na kwa kweli hata kwa sauti. Orina alipokuja kusikiliza aliinamisha kichwa kwenye usukani, akakaa hivyo mpaka mwisho. "Safi, fundi," alisema. "Safi sana." Akaondoka kwenda Kosele.

Jumanne iliyofuata gari lilirudi.

Austine, mwendesha bodaboda anayeegesha pikipiki yake mbele ya kibanda, ndiye aliyeliona kwanza. Aliangalia gari, akaangalia ubao, akaangalia gari tena. "Yaye, Min Valentine," alisema, akimwita Mama Valentine kwa Kijaluo, "si ulisema hazirudingi?"

Orina alikuwa ameshashuka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kugomba. Ungekuwa wa ugomvi, ingekuwa rahisi zaidi.

"Alisikiliza mpaka mwisho," Orina alisema. "Akaniuliza, huyo mtoto anayecheza ni nani? Anacheza vizuri. Nikamwambia, tata, ni wewe. Akacheka. Nikamwambia tena. Akakasirika. Akasema nisimdanganye kwa sababu sikio limeisha. Tangu Ijumaa hajanisemesha vizuri."

Hasira zilimpanda Nyatichi, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, ambayo hakuipenda zaidi. Akalala chini ya dashibodi. Akafuata kila waya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaweka wimbo wa kwaya, na Nyasuguta akakohoa palepale. Hakuna kilicholegea, hakuna kilichoungua, hakuna kilichobadilishana. Kazi ilikuwa sawa. Angeweza kumwambia Orina kwamba wazee ndivyo walivyo, wanasahau, na Orina angeamini. Neno lilimfika mdomoni. Akalirudisha, akachukua mkoba wa vifaa, akafunga kibanda.

"Twende nimwone," alisema.

Njia nzima, kupitia Oyugis, aliketi nyuma akisikiliza rekodi ile mara kwa mara, na kila mara aliiona nzuri. Ndicho kilichomtia wasiwasi.

Mzee Momanyi walimkuta nje ya nyumba ya mwanawe, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharagwe katika ungo. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi. Nyatichi akainama kumpa mkono.

"Bwakire, tata," alimwamkia kwa Kigusii, kama anayemwamkia baba yake, kwa sauti kubwa.

"Bwakire. Usipige kelele, sijafa. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Orina anasema wewe ni Mgusii."

"Ni kweli, tata. Sisi ni wa Nyamarambe."

"Na umewahi kusikia obokano? Si kwa redio. Karibu, hivi, ukiwa umekaa miguuni pa mpigaji."

Nyatichi akafikiri kama adanganye. Mama yake alikuwa akisema obokano huenda pamoja na pombe, na palipokuwa na pombe watoto wake hawakuonekana. Mara mbili aliisikia kutoka mbali, ng'ambo ya bonde, na mara zote mbili aliitwa ndani. "Hapana, tata," alisema. "Sijawahi."

Mzee hakushangaa. Aliweka ungo chini, akaomba kamba ya nailoni ambayo Orina hufungia ndizi, akaomba na beseni. Akaligeuza beseni kifudifudi. Akamwambia Orina ashike kamba upande huu na Nyatichi ashike upande ule, waivute juu ya beseni, bila kuligusa. Akaipiga kwa kidole. Ting.

"Hiyo," alisema, "ni ya kuanikia nguo."

Kisha akaibonyeza ile kamba kwa kidole gumba, polepole, mpaka ikagusa ukingo wa beseni, kidogo tu. Akaipiga tena. Vrrrm. Beseni zima likanguruma.

"Na hiyo ndiyo obokano."

Nyatichi alisimama na kamba mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Nyuzi zetu zilikuwa za mishipa ya ng'ombe," mzee aliendelea. "Unazishusha mpaka kila uzi uguse ngozi. Ukigusa sana, sauti inakufa. Usipogusa, huna kitu. Mimi nilikuwa nakaa siku mbili kabla ya harusi nikiutafuta huo mngurumo, uzi mmoja mmoja, chakula naletewa hapohapo. Wewe umeutoa wote. Ulichukua muda gani?"

"Kama dakika kumi, tata."

"Basi una nguvu sana," mzee alisema, akaokota ungo wake.

Nyatichi aliona aibu, aibu hasa, ile inayochoma masikio. Mtu aliyejisifia sikio miaka yote hii alikuwa amesikia kazi ya siku mbili akaiita kelele. Lakini hakuwa mtu wa kukaa ndani ya aibu kwa muda mrefu. Alikuwa na mkoba wa vifaa na siku bado changa. Akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Tata, njoo ukae hapa. Leo tutaitafuta pamoja."

Mzee alisita, ila maharagwe yalikuwa yamemchosha. Akaingia, akaketi kiti cha abiria, magoti yakagusa dashibodi. Nyatichi akavipandisha vile vijiti vinne kimoja kimoja, na mngurumo ukarudi, ukatoka katika spika zote, na kwa kuwa amplifaya ilikuwa chini ya kiti chake na wufa nyuma yake, mzee hakuusikia kwa masikio tu, ulimpanda mgongoni. Akaketi wima.

Lakini Nyatichi, akiwa nyuma, alikunja uso. Sasa kwa kuwa alijua anachotafuta, alisikia mingurumo miwili. "Tata," alisema, "nataka uniambie. Ukisikia wako, inua mkono. Ukisikia usio wako, ushushe."

Wakaanza. Nyatichi, akinyoosha mkono kati ya viti, akawa anacheza kipande kifupi, anakisimamisha, anakirudia.

"Huyo wangu," mzee alisema, mkono juu. "Huyo wangu. Wangu. Huyo… hapana." Mkono ukashuka. "Huyo si wangu. Huyo ni wa gari."

Nyatichi akaruka nje, akafungua paneli ya mlango wa nyuma kushoto, mlango uleule aliouhisi kule kibandani kisha akaupuuza. Ndani, kile chuma chembamba kinachovuta kitasa kilikuwa kimekosa kishikizo chake cha plastiki na kilikuwa kikigonga bati. Ubovu wa kweli ulikuwepo tangu mwanzo. Aliufunika kwa vijiti, pamoja na muziki, kisha akajihesabia ushindi. Angeweza kulia, lakini badala yake alicheka, akakifunga chuma kile kwa sponji na gundi, akarudisha paneli.

"Tena, tata."

"Wangu," mzee alisema. "Wangu. Wangu." Na mkono haukushuka tena.

Basi Nyatichi akairudisha rekodi mwanzo, akaiacha iende. Orina alisimama nje, ameshika mlango kwa mikono miwili. Baada ya muda vidole vya mzee vilianza kuhangaika juu ya goti, vile vidole vilivyokauka, vikitafuta mahali. Orina aliviona, akatazama pembeni. Wimbo ulifika katikati, mahali ambapo wapiga vigelegele wa miaka arobaini iliyopita walikuwa wakimshangilia bibi harusi, na hapo, kwa muda wa pumzi moja, mngurumo wa uzi mmoja ukapotea. Uzi ulilia peke yake, mkavu. Ting. Kisha kofi moja juu ya ngozi, pa! na mngurumo ukarudi.

"Aaa!" Mzee Momanyi alipiga dashibodi. "Hapo! Hapo! Uzi wa tatu! Mvua ilikuwa imenyesha ile asubuhi, ngozi ikanywa maji, ikashuka, uzi ukaachana nayo. Nikaipiga kofi. Watu wote wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Harusi ya binti wa Ombui hiyo! Orina! Huyu ni mimi!"

"Si nilikuambia, tata," Orina alisema.

"Uliniambia. Lakini yule wa Ijumaa hakukosea. Mimi nilikosea." Akamgeukia Nyatichi, macho yamelowa, wala hakuyaficha. "Rudisha pale nilipokosea."

Nyatichi akarudisha. Uzi ukapotea, kofi likapiga, mngurumo ukarudi. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na Nyatichi, kule nyuma, akamkumbuka Nyasuguta na kikohozi chake. Alijiuliza ilikuwaje yeye, anayeutafuta ukweli wa kila gari katika kikohozi cha muuza mboga, amsafishe mtu huyu mpaka asijijue.

Walirudisha mahali pale mara saba. Mara ya nane mzee mwenyewe alibonyeza.

Kabla ya kuondoka Nyatichi aliomba aruhusiwe kunakili wimbo ule katika flashi yake ya kazi. Mzee alifikiri kidogo.

"Chukua," alisema. "Lakini usinisafishe tena."

Ubao wa GARI HALIRUDI bado uko juu ya mlango. Chini yake Nyatichi ameongeza maneno mawili kwa rangi ileile: ISIPOKUWA MOJA. Austine husema amejiharibia biashara, lakini foleni haijapungua. Siku hizi kila gari linasikilizwa mara mbili. Kwanza Nyasuguta anakohoa, kisha uzi wa tatu wa Mzee Momanyi unaachana na ngozi, na mpaka yote mawili yasikike, gari halitoki Rongo.